Kusoma kunaanzia sikioni: namna mtoto mdogo anavyojifunza kusoma na kuandika



Kila mwaka mwezi wa 9 unapofika, wazazi wengi wanamshika mkono mtoto wa miaka 6, wanampeleka mwaka wa kwanza na kusema: «Sasa ataanza kujifunza kusoma.» Neno hilo ni kweli nusu tu. Ni kweli kwamba mwalimu ataanza kumwonyesha herufi. Lakini kazi ya kusoma ilikwisha kuanza zamani, nyumbani, tangu mama alipomwimbia akiwa mgongoni, tangu bibi alipomsimulia hadithi kando ya moto. Mtoto aliyesikia maneno mengi, nyimbo na vitendawili anafika shuleni na kukuta mlango uko wazi nusu. Yule ambaye husikia tu «kaa», «nyamaza», «leta maji» anakuta mlango umefungwa, hata kama akili yao ni sawa.

Kwetu hapa jambo hili ni zito. Tangu serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo mwaka 2019, watoto wengi sana wameingia shule, na hiyo ni habari njema. Lakini madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Mtoto anayebaki nyuma anajificha ndani ya sauti ya wenzake. Wanaposema pamoja, naye anasema, na anashika ukurasa mzima kwa kichwa. Anafika mwaka wa tatu au wa nne, na siku moja mzazi anafunika picha, anaweka kidole juu ya neno moja katikati ya mstari na kuuliza: «Hapa wameandika nini?» Mtoto ananyamaza. Tangu hapo hesabu, historia na masomo mengine yote yanampita, kwa sababu yote yanapitia katika kusoma. Wengi wanaacha shule kwa haya, si kwa uvivu.

Basi tuone namna kusoma kunavyoota ndani ya mtoto, hatua kwa hatua, na kazi gani ni ya nyumbani kabla ya kazi ya mwalimu.

1. Sikio linatangulia jicho

Kuandika ni kuchora sauti. Kabla mtoto hajaelewa mchoro, lazima asikie kwamba neno lina vipande. Kwa mtu mzima jambo hilo ni wazi, kwa mtoto si wazi hata kidogo. Anaposikia «makala» anaona gunia jeusi na moto wa kupikia. Hajui bado kwamba neno hilo limefungwa kwa vipande vitatu: ma-ka-la.

Anajifunza hayo kwa mchezo. Piga makofi pamoja naye kwa jina lake: Fu-ra-ha, makofi matatu. Ne-e-ma, matatu. Ba-ra-ka, matatu. Ju-ma, mawili. Kisha mwulize: «Mama, mayai, makala, kuku: neno gani limepotea njia?» Atasema kuku, kwa sababu yale mengine yanaanza na «ma». Mtoto wa miaka 4 au 5 akizoea, mpe kazi ngumu zaidi: «Sema kuku. Sasa, mahali pa ku weka ka. Tumepata nini?» Kaka! Atacheka, na kumbe amefanya kazi kubwa. Amechukua neno kama kitu cha mkononi, amelifungua, amelifunga tena kwa namna nyingine. Mtoto anayeweza hayo kwa mdomo atayafanya haraka kwa herufi.

Vitendawili, nyimbo za kurukia kamba, nyimbo za nzango ambazo wasichana wanaimba uwanjani, yote hayo yanafundisha sikio kukata maneno na kushika mapigo yake. Wazee wetu hawakuyaita masomo, lakini yalikuwa masomo.

2. Maneno ni mbegu

Mtoto anaposoma neno kwa mara ya kwanza, analitamka polepole, kisha anatafuta ndani ya kichwa chake: nimekwisha kulisikia? Kama neno limo, macho yake yanang'aa na anaelewa. Kama halimo, ametamka sauti tu. Kwa hiyo, mtoto mwenye maneno machache anaweza kutaja silabi zote vizuri na asielewe ukurasa.

Maneno yanapandwa kwa mazungumzo. Mama anapochambua sombe anaweza kusema: «Tazama, jani hili ni changa, hili limekomaa. Kwanza tunaosha, kisha tunatwanga.» Baba anapofunga mzigo anaweza kusema: «Kamba hii imelegea, naikaza ili isifunguke njiani.» Hakuna franka hata moja iliyotoka, na mtoto amepata «changa», «komaa», «legea», «kaza». Mwulize naye maswali yasiyojibiwa kwa «ndiyo» au «hapana»: «Kwa nini mbuzi alikimbia? Ungekuwa wewe ungefanya nini?» Kisha subiri. Mtoto mdogo anahitaji muda wa kupanga jibu.

Hapa sisi watu wa redio tuseme ukweli juu ya kazi yetu. Redio na simu husema, lakini hazimjibu mtoto. Anajifunza lugha zaidi kwa mtu anayemtazama usoni, anayengojea neno lake na kulirudisha likiwa limenyooka. Sikilizeni kipindi, kisha mkizungumze pamoja naye.

3. Mkono nao una safari yake

Mtoto wa miaka 2 akipata kipande cha makala, anakwaruza ukuta. Sisi tunaona uchafu. Yeye amegundua jambo kubwa: mkono wangu unaweza kuacha alama inayobaki. Hapo ndipo kuandika kunapoanzia. Badala ya kumpiga, mpe mahali pake pa kuchorea: katoni ya zamani, kipande cha ubao, mchanga wa uwanjani.

Karibu na miaka 3 anaweza kuchora duara. Karibu na miaka 4 anachora msalaba, na baadaye mraba. Pembetatu inakuja karibu na miaka 5, kwa sababu mstari wa mshazari ni mgumu. Ukitazama vizuri utaona kwamba herufi zetu zimejengwa kwa vitu hivyohivyo: duara la «o», msalaba wa «t», mishazari ya «v» na «k». Kumlazimisha mtoto wa miaka 3 kujaza kaye kwa herufi ni kumdai nyumba kabla hajapata matofali. Vidole vinapata nguvu kwa kuchagua mawe katika maharagi, kufinyanga udongo, kusuka majani, kufunga vifungo vya shati. Akisaidia kazi hizo, vidole vyake vinajiandaa kushika biki.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, walitangaza kazi waliyofanya na watoto wa Argentina. Waliwaomba watoto ambao hawajafundishwa waandike maneno kwa namna yao. Waligundua kwamba mtoto haandiki ovyo, bali ana mawazo yake. Mmoja anafikiri kitu kikubwa lazima kiwe na neno refu. Kwa Kiswahili, mtoto kama huyo angeshangaa kuona «tembo» ni neno fupi na «sisimizi» ni refu. Baadaye mtoto anaanza kuweka herufi moja kwa kila silabi. Akiandika AA na kukuambia «nimeandika baba», usimcheke. Amesikia silabi mbili na ameweka alama mbili, tena sauti ya «a» ni ya kweli. Bado kidogo tu ataona kwamba kuna «b» pia. Mwambie: «Vizuri, nasikia a. Tuseme tena polepole: b-a. Midomo yako inafanya nini kwanza?»

4. Kitabu kina njia zake

Nyuzilandi, mwalimu na mtafiti Marie Clay alitaka kujua mtoto anaelewa nini juu ya kitabu kabla hajajua kusoma. Alitengeneza kitabu kidogo chenye kurasa zilizogeuzwa juu chini, apate kuona kama mtoto atatambua. Maana mambo tunayoyaona ya kawaida hayajulikani bila kuonyeshwa: kwamba kitabu kina mwanzo na mwisho, kwamba tunasoma alama na si picha, kwamba tunatoka kushoto kwenda kulia na kurudi chini kwenye mstari mwingine, kwamba nafasi nyeupe inatenga neno na neno.

Mtoto anajifunza hayo akiwa magotini pa mtu anayesoma. Katika nyumba zetu vitabu vya watoto ni vichache, lakini mara nyingi kuna Biblia, kitabu cha nyimbo, kalenda, karatasi kama hii unayoishika. Unaposoma kwa sauti, pitisha kidole chini ya maneno polepole. Mtaani pia kuna maandishi: jina la duka, maneno yaliyoandikwa juu ya kioo cha taksi, gunia la unga, kibao cha kituo cha afya. Mwulize: «Unaona herufi ya jina lako mahali fulani?» Herufi ya kwanza ya jina lake ndiyo rafiki wa kwanza wa mtoto katika maandishi.

5. Kiswahili kinasaidia, tena kinadai

Kiswahili kina sauti tano za kufungua mdomo, a, e, i, o, u, na kila moja inaandikwa kwa namna moja tu. Kwa Kifaransa sauti moja ya «o» inaweza kuandikwa «o», «au» au «eau». Kwa hiyo mtoto anayeanza kwa Kiswahili anaweza kuanza kusoma maneno halisi baada ya kushika herufi chache: ma, la, na, ki, tu.

Lakini tumfundishe sauti ya herufi, si jina lake peke yake. Mtoto anayeambiwa «be na a ni ngapi?» anajibu kwa haki: «bea». Mwonyeshe namna midomo inavyofungwa na kufunguka: b...a, ba. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Baadaye zinakuja zile zinazokwenda kwa kundi: ch, sh, ny, na tofauti ya «ngoma» na «ng'ombe».

Kiswahili kina ugumu wake pia: maneno marefu. «Hatutawasahau» ni neno moja lenye silabi saba: ha-tu-ta-wa-sa-ha-u. Mtoto akilisoma polepole mno, anafika mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Kwa hiyo haitoshi ajue kutamka, lazima asome mara nyingi mpaka silabi zije zenyewe bila kutafutwa. Kusoma tena hadithi ileile si kupoteza wakati. Mara ya kwanza nguvu yote inaishia kwenye herufi. Mara ya tano nguvu inabaki kwa ajili ya maana.

6. Lugha gani kwanza?

Wazazi wengine wanakataza Mashi, Kilega, Kinande au hata Kiswahili nyumbani, wakifikiri kwamba hivyo mtoto atajua Kifaransa upesi. Wanafanya kwa upendo, lakini tufikiri vizuri. Kama baba na mama wenyewe wana Kifaransa kidogo, watampa mtoto maneno machache tu, yasiyo na hadithi, mithali wala maswali. Watakuwa wamemfungia ghala iliyojaa na kumpa kikombe.

Kusoma kunajifunzwa mara moja. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba alama ni sauti, kwamba silabi zinajenga neno, anachukua ujuzi huo na kwenda nao katika lugha nyingine. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha ya serikali. Na sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inakubali lugha za taifa au lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Si aibu basi mtoto kusoma «sombe» kabla ya kusoma «manioc». Kifaransa kitakuja, na kitakuta nyumba yenye msingi.

7. Mambo yanayovunja moyo wa mtoto

Kupigwa kwa ajili ya herufi iliyogeuka. Mtoto wa miaka 5 au 6 anaandika «b» kama «d», au jina lake lote kinyumenyume kama kwenye kioo. Si ukaidi, wala si pepo. Mfaransa Stanislas Dehaene, mchunguzi wa ubongo, ameeleza kwamba kusoma kunatumia sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kutambua vitu na nyuso. Na kwa vitu, upande hauna maana: mbuzi akitazama kushoto au kulia ni mbuzi yuleyule, kikombe ni kikombe hata mshikio ukiwa upande wa pili. Sasa tunamwambia mtoto kwamba «b» na «d» si kitu kimoja! Inampasa kujifunza upya, na kwa wengi hali hiyo inakwisha yenyewe kabla ya miaka 8, kwa kuonyeshwa bila kutishwa.

Kukatazwa mkono wa kushoto. Mtoto anayeandika kwa kushoto ameumbwa hivyo. Ukimfunga mkono au kumpiga vidole, hutabadilisha ubongo wake. Utampa woga, na mwandiko mbaya juu yake. Mgeuzie tu karatasi kidogo upande unaomfaa, aone anachoandika.

Kulinganishwa. «Ndugu yako alisoma akiwa na miaka 5, wewe je?» Watoto hawaoti meno siku moja. Mtoto mwenye afya anaweza kuanza kusoma mapema au mwaka mmoja baadaye, na wakiwa wakubwa usiwatambue.

Lakini tusilale pia. Mtoto asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, anayetokwa na usaha sikioni, anayesogeza karatasi karibu na pua, au ambaye kwa miaka 3 bado haungi maneno mawili, apelekwe kwenye kituo cha afya. Na kama amemaliza mwaka wa pili bila kusoma maneno mafupi, msingoje: zungumzeni na mwalimu. Mara nyingine mtoto tunayemwita mjinga ni mtoto asiyesikia vizuri.

8. Na mzazi asiyejua kusoma?

Wengi watasema: «Mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?» Mama, baba, rudia kusoma hatua ya 1, ya 2 na ya 3 hapo juu. Hakuna hata moja inayodai ujue herufi. Hadithi, nyimbo, vitendawili, makofi ya majina, mazungumzo jikoni, udongo wa kufinyanga: una vyote. Mtoto akirudi kutoka shuleni, mwambie: «Nisomee.» Weka kazi chini na umsikilize mpaka mwisho. Mtoto anayesomea mtu anayemsikiliza anasoma zaidi. Kisha mwulize: «Hapo walisema nini?» Akikueleza vizuri, ameelewa. Huhitaji kujua herufi ili utambue hadithi isiyo na maana.

Maandiko yenyewe yanamkumbuka Timoteo, aliyeyajua tangu utoto, na yanataja kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa imani waliyomwachia. Kabla ya mwalimu mkubwa, walikuwako wanawake wawili nyumbani.

Neno hili ni zaidi kwa familia zilizokimbia vita na kwa mahali ambapo shule imefungwa. Kaye inaweza kupotea njiani, benchi linaweza kuchomwa kuni. Lakini mchanga upo, kijiti kipo, na sauti yako ipo. Mtoto anayesimuliwa hadithi kila jioni, hata chini ya turubai, hajapoteza mwaka wote.

Robo ya saa kila siku

Jioni moja: hadithi au kitendawili, na mtoto asimulie tena kwa maneno yake.
Jioni nyingine: makofi ya majina na mchezo wa neno lililopotea njia.
Asubuhi ukienda sokoni pamoja naye: tafuteni herufi ya jina lake njiani.
Siku ya kazi za uwanjani: aandike jina lake mchangani kwa kidole, ukimwonyesha kuanzia kushoto.
Siku ya mapumziko: mkubwa wa nyumba anayejua kusoma awasomee wadogo ukurasa mmoja, kidole chini ya maneno.

Usizidishe. Robo ya saa yenye kicheko inashinda saa moja yenye fimbo. Mtoto akichoka, funga.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika shirika

Je, katika nyumba yetu nani anazungumza na watoto wadogo, si kwa kuwaamuru tu?
Hadithi gani tulisimuliwa na bibi zetu, ambazo watoto wetu hawajazisikia bado?
Katika mtaa wetu, ni mtoto gani amefika mwaka wa tatu bila kujua kusoma, na nani kati yetu anaweza kumpa robo ya saa?

Swali la mwisho msilipite haraka. Mtajeni mtoto huyo kwa jina, na mpange siku ya kuanza.